Neno la Asubuhi ya Jumanne

Magu,
9 Juni 2024

Mwanangu Dorcas,

Nakusalimu wewe na Precious, na nyumba yenu yote ya Pasiansi. Barua hii nampa Selina, yule jirani yangu anayepeleka mchele Mwanza kila Alhamisi. Nimemwambia aiweke kwenye pochi, si kwenye gunia, kwa sababu ile ya Pasaka ulisema ilikufikia imejaa pumba.

Sisi tupo. Hellen wangu amejifungua kule Geita, mtoto wa kike, na wote wawili ni wazima. Mpunga tumevuna. Haukuwa mbaya, ila ndege wamekula sana upande wa mtoni, maana aliyekuwa akiwafukuza hayupo tena. Unakumbuka baba Hellen alivyokuwa akigonga debe na kuwatukana ndege kwa majina ya mashemeji zake? Marehemu baba yako, kaka yangu, alitukanwa kila msimu akiwa kwake Kiseke bila kujua.

Masikio yangu yamezidi kuziba. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linavuma kama mashine ya kukoboa. Ndiyo maana sikupigii simu. Ujumbe wa simu nao siuamini, kwa kuwa simu hii inashikwa na kila anayepita hapa. Karatasi naiamini.

Sasa jambo lililonikalisha chini niandike. Unajua kwamba Jumanne ile, siku mbili kabla hajafariki, mume wangu alizungumza na Teodora, mwenyekiti wetu wa jumuiya, alipokuja kumwona wodini kwenu. Alimwambia kwamba nyumba hii na shamba la mpunga nibaki navyo mimi mpaka nife, kisha viwe vya Hellen. Teodora aliandika, naye mume wangu akatia sahihi yake. Sasa kaka yake mkubwa, shemeji Machibya, ameikataa karatasi hiyo. Amechukua daftari la hospitali la marehemu, lile lenye jalada la bluu, akampa mkwe wake aliye mwalimu alisome. Tarehe ileile, 12 Machi, asubuhi, limeandikwa neno la Kiingereza ambalo mwalimu amesema maana yake ni kuchanganyikiwa akili. Basi Machibya anasema mtu aliyechanganyikiwa asubuhi hawezi kutoa wosia jioni.

Nimelinakili herufi moja moja: perplexed. Siwezi hata kulitamka. Wewe ni muuguzi, Kiingereza umekisoma, na hapo ndipo unapofanya kazi. Niambie lina maana gani, na wenye lugha yao hulitumia wakati gani. Mimi nilikuwa naye siku zile zote. Alikuwa na homa, lakini alijua ni siku gani, na alijua ng'ombe yupi anakaribia kuzaa. Nataka kujua walichokiona wao ambacho mimi sikukiona.

Usikawie, mwanangu. Nyumba hii niliingia nikiwa na miaka kumi na tisa.

Shangazi yako,
Dorotea


Pasiansi, Mwanza,
27 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Wenzetu wawili wako likizo na zamu zimetuelemea. Nimefurahi kusikia habari za Hellen. Precious ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja na anakataa kucheka mbele za watu. Maji huku kwetu yanatoka siku moja, siku mbili hayatoki, ingawa ziwa tunaliona dirishani.

Kuhusu neno uliloniuliza. Nimelitazama kwenye kamusi mbili ili nisikudanganye. Hutumika kwa mtu aliyekutana na jambo asiloweza kulifumbua. Mfano, unarudi nyumbani kwako unakuta mlango umepakwa rangi nyingine na hakuna aliyekuambia. Unasimama uani na kikapu mkononi. Huna wazimu. Jina lako unalijua na nyumba unaijua, ila jambo lililo mbele yako hulielewi. Mtu wa namna hiyo ndiye Waingereza humwita hivyo. Sisi tungesema ameduwaa, au ametatizika. Kwa mtu aliyerukwa na akili wana maneno mengine kabisa, tena mengi.

Kwa hiyo mweleze mzee Machibya kwamba mkwe wake amekosea. Neno hilo halisemi lolote baya kuhusu akili ya marehemu. Mtu anaweza kutatizika asubuhi na mchana akawa sawa, kama mimi na wewe tunavyotatizika kila siku.

Nadhani hilo linatosha kulimaliza. Nani aliandika si jambo kubwa. Wauguzi ni wengi na zamu hubadilika.

Ule vizuri, shangazi. Nimempa Selina sabuni na dagaa kidogo, wale waliokaushwa juu ya chanja, hawana mchanga.

Mwanao,
Dorcas


Magu,
14 Julai 2024

Mwanangu Dorcas,

Salamu kutoka kwa wote. Dagaa tumekula, wazuri sana. Mwambie Precious kwamba babu yake wa Magu alioa akiwa hana jino moja la mbele, na hakuna aliyemkataza kucheka. Mtoto wa Hellen bado hajapewa jina. Wananingoja mimi niende Geita, na mimi naogopa kwenda. Nikitoka hapa hata wiki moja sijui nitakuta nani ameketi barazani.

Barua yako niliipeleka mwenyewe kwa Machibya. Niliona fahari kuwa na jibu la mtu aliyesoma. Mkwe wake aliisoma yote, akakubali kwamba kwenye kamusi ndivyo ilivyo. Halafu akaniandikia kwenye karatasi, maana yeye ana adabu, hanipigii kelele sikioni. Aliandika kwamba maneno ya hospitali hayatumiki kama ya kamusi. Amempigia rafiki yake aliye tabibu, na huyo amesema wodini neno hilo huandikwa kwa mgonjwa anayetazama huku na huku asijue yuko wapi wala waliomzunguka ni nani. Hivi ni kweli, Dorcas? Mbona hukuniambia kwamba lina matumizi mawili?

Sasa wanamtaka aliyeliandika. Machibya anasema muuguzi huyo akieleza kwamba hakuwa na maana hiyo, yeye hana neno. Akikosekana, daftari litasema lenyewe. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumamosi tarehe 24 Agosti, na muhtasari wake utapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Wanachotaka ni mimi niende nikaishi kwa Hellen, na nyumba hii apewe mtoto wa Machibya anayetaka kuoa. Hawasemi kwa ukali. Wanasema nitapumzika.

Mwalimu amenipa fotokopi ya ukurasa wenyewe. Kuna sahihi ndogo chini ambayo haisomeki, kama uzi uliokatika. Nakuomba uulize wenzako taratibu, bila kumtisha mtu. Mwambie sitamshitaki. Nataka tu aniambie asubuhi ile mume wangu alifanya nini mpaka akaandikwa hivyo. Asubuhi ile mimi sikuwepo, nilikuwa jikoni kwako nampikia uji. Nilipika ule wa ulezi, nikautia limau, kwa sababu alisema mdomo wake umekuwa kama karatasi.

Nimekuwa nikifagia uwanja mara mbili kwa siku. Sijui kwa nini. Hauna majani.

Shangazi yako,
Dorotea


Pasiansi,
6 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sote hatujambo. Precious alikuwa na mafua, amepona.

Nimeuliza kama ulivyoniagiza. Watu hawakumbuki. Machi ni zamani, na wagonjwa wamepita wengi. Ni kweli wodini neno hilo lina matumizi hayo mengine, sikuona haja ya kukutia hofu. Nafikiri ingekuwa bora kutafuta wakili au kumwomba Teodora aeleze vizuri alivyomkuta marehemu jioni ile, kuliko kumtafuta mwandishi.

Nisamehe barua ni fupi. Naingia zamu saa nane.

Dorcas


Magu,
11 Agosti 2024

Mwanangu Dorcas,

Nakusalimu sana, na nashukuru Mungu kwa kupona kwa Precious. Huku upepo wa kiangazi umeanza, na pamba za watu zimejaa mabarazani. Ng'ombe yule aliyekuwa na mimba mwezi wa tatu, ndama wake sasa anakula majani.

Jana niliilaza barua yako mezani, kando ya ile fotokopi. Niliziangalia zote mbili mpaka chai ikapoa. Kisha nikaikunja barua yako nikaiweka ndani ya Biblia, na fotokopi nikaiweka chini ya godoro. Sikuulizi kitu. Nakwambia tu nilichofanya jana.

Lakini kuna jambo langu ambalo sikukuambia, nami sipendi nikutake useme wakati mimi nimenyamaza. Baada ya matanga walikaa kikao cha kwanza, hapahapa barazani. Machibya alisema muda mrefu. Wote walikuwa wakinitazama kwa huruma, na mimi nikaona aibu kusema sisikii, kwa kuwa nilikwisha kusema mara nne siku ile na walikuwa wamechoka kurudia. Basi kila aliponigeukia niliitikia kwa kichwa. Nilidhani anashukuru waliochimba kaburi. Mwezi uliofuata nikaambiwa kwamba mjane alikubali kuhamia Geita, na kwamba watu kumi na moja walimwona akikubali. Teodora peke yake ndiye anayejua kwamba sikusikia. Hata Hellen sijamwambia. Anadhani nilikubali nikageuka.

Na kuna lingine, ambalo halina shahidi. Jumanne ile niliporudi wodini na uji, baba Hellen alinishika mkono akasema maneno machache. Nilimwona midomo, na nyusi zake zilipanda kama mtu anayeuliza. Sikutaka kumchosha. Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta pumzi ndefu, akanywa uji nusu kikombe, akalala vizuri kuliko siku zote. Sijui niliitikia nini. Nimekaa na hilo tangu Machi. Huenda aliuliza kama mlango wa zizi umefungwa. Huenda aliuliza jambo kubwa.

Kwa hiyo mimi si mtu wa kumhukumu mwingine, Dorcas. Zimebaki siku kumi na tatu.

Shangazi yako,
Dorotea


Pasiansi,
17 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Precious yuko shuleni, mafua hayakurudi. Barua yako nimeisoma kazini, nikaisoma tena nyumbani. Nimeanza kuandika mara tatu.

Ni mimi niliyeandika. Umekwisha kujua.

Nitaeleza yote ili uelewe, si ili unihurumie. Unajua nilivyolelewa Kiseke. Baba hakutaka tuseme Kisukuma nyumbani, alisema kitatuharibia masomo. Tulipokuja kwako likizo, watoto wote walikuwa wakisimuliana na kucheka, na mimi nilicheka walipocheka. Nilijifunza kusema mwangaluka asubuhi, mwadila jioni, na wabeja nikipewa kitu. Hayo yalitosha. Watu walisifu kwamba mtoto wa mjini hajasahau kwao. Baba Hellen alinisifu kuliko wote, nikaona vibaya kumwambia ukweli, na kila mwaka ulivyopita ikawa vigumu zaidi. Mpaka leo, shangazi, mimi Kisukuma sikielewi. Wazee wakiletwa wodini wasiojua Kiswahili, mimi humwita mama mmoja anayefanya usafi anitafsirie, na humwambia nimebanwa na kazi, amsikilize kwa niaba yangu.

Jumanne ile yule mama hakuja. Baba Hellen aliniita kitandani. Kiswahili alikijua vizuri kabisa, lakini homa ilikuwa imempeleka kwenye lugha yake, na kwake mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani. Alisema taratibu, kwa mpango, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na hataki asahau kitu. Alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono. Alipomaliza alinitazama, akaona sijajibu, akarudia. Kisha akarudia tena. Nilisikia jina lako. Nilisikia jina la Machibya mara mbili. Nilisikia kaya, na najua ni nyumbani. Mengine yote yalipita.

Ningeweza kumwambia, baba, niambie kwa Kiswahili. Maneno manne. Wagonjwa wawili wa jirani walikuwa wakitusikiliza na wote walikuwa wakielewa isipokuwa mimi. Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaniachia mkono.

Daktari alikuwa anapita vitandani. Aliniuliza mzee anasema nini. Sikuweza kumjibu mtu mgeni kutoka Moshi kwamba mimi, na jina langu hili la ukoo, sijui. Nikasema haeleweki. Akaniambia niandike. Nikaandika neno lile kwa sababu ndilo linaloandikwa, na kwa sababu ni neno zuri la shuleni, halitukani mtu. Shangazi, neno lenyewe halina kosa. Lilitakiwa liandikwe kwenye jina langu. Yeye alijua kila alichokuwa akisema. Aliyesimama hapo asielewe kilicho mbele yake ni mimi.

Wagonjwa wale wawili sikuwauliza. Mmoja alifariki kabla ya baba Hellen, mwingine aliruhusiwa na sijui alikotoka.

Isome barua hii kikaoni. Najua mwalimu ataitaka nakala, na najua ikifika ofisini kwetu nitaitwa. Kuandika kisicho kweli kwenye daftari la mgonjwa si kosa dogo, na Precious ananitegemea mimi. Lakini isome. Mimi sitaweza kuja, nina zamu, na hata kama nisingekuwa nayo sijui kama ningekuja.

Uliandika kwamba uliitikia usichokisikia. Wewe masikio yako yameziba. Yangu ni mazima.

Dorcas


Magu,
1 Septemba 2024

Mwanangu Dorcas,

Nakusalimu kwa upendo. Ninajua umekuwa ukingoja wiki nzima. Selina alikuwa na msiba Alhamisi iliyopita, ndiyo sababu. Sisi ni wazima, na Hellen alikuja na mtoto. Nimempa jina Evelina, la mama yangu, bibi yako wewe. Amelala hapa karibu nami ninapoandika, ana nywele nyingi mno.

Barua yako haikusomwa. Nakuambia hilo kwanza ili moyo wako utulie, halafu usome mengine polepole.

Usiku wa Ijumaa sikulala. Niliinuka kitandani nimeamua kuisoma, nikavaa nimeamua kutoisoma, nikaitia kifuani ndani ya gauni. Watu walikuja wengi. Machibya alianza kusema saa nne asubuhi, na mimi nilimtazama midomo, na wote walinitazama kwa huruma ileile ya siku ya kwanza. Aliponyoosha kidole kwenye daftari nikajua amefika pale. Aliponigeukia, shingo yangu ilianza kuitikia yenyewe. Nikaishika kwa mkono, Dorcas. Watu waliona nimejishika shingo wakadhani naumwa.

Nikasimama. Sauti yangu siisikii vizuri, kwa hiyo labda nilipiga kelele. Niliwaambia kwamba kikao cha kwanza sikusikia hata jambo moja, niliitikia kwa aibu, na Teodora ni shahidi wangu. Kisha nikamgeukia Machibya.

"Shemeji, tangu asubuhi unasema, na mimi sijaelewa hata neno moja. Je, wewe umechanganyikiwa?"

Niliona watu wameinama. Nikadhani nimeharibu. Kumbe wanacheka. Hellen alikuwa amejifunika uso kwa kanga ya mtoto. Hata mwalimu alikuwa akicheka, na Machibya mwenyewe mabega yalikuwa yakitikisika. Teodora ananiambia mzee mmoja wa ukoo alisema, basi kesi imekwisha, tuleteeni chakula.

Lakini haikuwa imekwisha. Nikasema kwamba kuanzia sasa anayetaka jambo kwangu aliandike, nilisome, nijibu. Nikampa Machibya kalamu na daftari la Hellen analoandikia tarehe za kliniki ya mtoto. Nikamwambia, andika kwamba nihame.

Alikaa na ile kalamu muda mrefu. Watu waliacha kucheka. Alianza herufi moja akaikata. Unajua yeye na mdogo wake walivyofanana mikono, vidole vifupi na kucha pana. Nilitazama ile mikono nikashindwa kumchukia. Hakuja hospitali hata siku moja, alikuwa analima, na alidhani kuna muda. Nadhani tangu Machi amekuwa akitaka iwe kwamba mdogo wake hakuwa na akili siku zile, ili isiwe kwamba alikuwa nazo na hakumwita.

Mwishowe aliandika, akanisogezea daftari kwa siri, akiwa amelifunika kwa kiganja kama mtoto wa shule. Hakuwa ameandika kwamba nihame. Aliandika, "Alinitaja?"

Nikachukua kalamu. Nilikuwa na barua yako kifuani, na nilijua nikijibu atajua kwamba namjua aliyekuwepo. Nikaandika, "Ndiyo. Mara mbili."

Alilisoma, akalisoma tena. Akauchana ule ukurasa vizuri, akaukunja mara nne, akautia mfukoni mwa shati. Kisha akamwambia katibu kitu. Sikusikia, na sikuitikia. Nikangoja mpaka katibu akaniletea karatasi nisome. Imeandikwa kwamba wosia uliotolewa mbele ya Teodora ni halali, na mjane abaki nyumbani kwake. Machibya ndiye aliyetia sahihi wa kwanza. Muhtasari ulipelekwa mahakamani juzi, na tumeambiwa tungoje siku tisini za tangazo, kama kuna mwenye pingamizi. Bado naogopa, lakini ninafagia uwanja mara moja tu.

Barua yako ya tarehe 17 nimeirudisha humu ndani. Ni yako. Uamuzi wa kumwambia mkubwa wako wa kazi ni wako pia, mimi siwezi kukuamulia. Ila wale wazee wanaoletwa wodini bila Kiswahili, waambie wazi kwamba huwaelewi, umwite anayeelewa. Usimwambie yule mama wa usafi kwamba umebanwa na kazi.

Hasira sina. Nilikuwa nayo kwa siku mbili, nikaimalizia kwenye kukwangua sufuria. Kilichobaki ni kutokujua. Alikutuma kwangu, kisha akaniuliza kama nimeambiwa, nami nikaitikia, akalala akijua amenifikishia. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Yeye aliondoka na jibu. Sisi wawili ndio hatuna.

Machibya hakuniuliza ni nani aliyesikia jina lake. Lakini si mjinga, na jana alipopita hapa aliandika kwenye kiganja chake, akanionyesha: Dorcas atakuja lini? Nimemwambia Jumapili ambayo huna zamu. Atakuwa anakungoja, na atataka umwambie kila sauti unayoikumbuka, hata vipande, hata ukivitamka vibaya. Ataanza kukusemesha Kisukuma, maana ndivyo alivyozoea kukusalimu tangu utoto wako. Mwache amalize. Halafu mwambie hukuelewa. Nimeishi na watu wa ukoo huu miaka arobaini na mbili, najua atakachofanya. Atasogeza kiti chake karibu, na ataanza upya kwa Kiswahili.

Mimi shangazi yako,
Dorotea